Maisha ya Sidi Mubarak Bombay, Mtu Aliyefanya Safari Kuwa Kazi

Ukiwauliza vijana wa pwani yetu, toka Kabonga mpakani hata Rumonge, ni kazi gani waitamanio, wengi watajibu kazi ya kusafiri. Huyu ataka kuwa dereva wa lori, yule nahodha, mwingine rubani. Si ajabu. Sisi tumezaliwa kando ya njia. Tangu utoto twaona mashua zikitoka na kuingia, magunia ya ndagala na bidoni za mawese zikipakiwa, na watu wakivuka mpaka kwenda Kigoma na kurudi. Mtu akikaa mahali kama hapa, moyo wake hauachi kuuliza kuna nini upande wa pili.

Kwa hiyo nimeona vema niwasimulie habari za mtu mmoja ambaye labda aliona Afrika nyingi kuliko mtu yeyote wa zamani zake. Hakuwa mfalme wala tajiri, wala hakuandika kitabu. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi yake ilikuwa safari. Maji ya ziwa letu aliyapita mara nyingi. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, ambayo leo iko mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alikufa yeye akali mchanga, hata hakumkumbuka vizuri. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, kijiji chao kilizingirwa ghafula na wafanya biashara kutoka pwani, wenye bunduki na panga. Zamani, wakati wa njaa, wanakijiji walikuwa wamekopeshwa nguo na shanga na watu hao. Sasa wenye mali wakadai walipwe yote mara moja. Hapakuwa na mtu asiyedaiwa, wala hapakuwa na mtu awezaye kulipa. Wengine wakakimbia, wengine wakakamatwa. Mtoto yule hakumwona baba yake tena.

Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza, na hakuichagua. Alipelekwa kwa miguu hata Kilwa, kisha Unguja, akauzwa, na mnunuzi wake akamchukua Bara Hindi. Huko akatumika miaka mingi, akajifunza Kihindustani. Ndiko alikopata na majina yake: Sidi ni jina waitwalo huko watu wenye asili ya Afrika, na Bombay ni jina la mji. Jina alilopewa na wazazi wake halikutufikia. Bwana wake alipokufa, akawa huru, akarudi Unguja, akajiandikisha kuwa askari wa Sultani. Akawekwa katika ngome ndogo ya Chogwe, karibu na Pangani, mahali penye njaa na uvivu.

Mwanzo wa mwaka 1857 walipita Chogwe Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Burton alijua lugha nyingi, lakini Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Lugha pekee ya nchi za mashariki aliyoweza kuisema ilikuwa Kihindustani, maana alikuwa askari Bara Hindi. Basi akamkuta askari Mwafrika aisemaye lugha hiyo! Lugha ambayo Bombay aliipata kwa utumwa ikawa ufunguo wa mlango mpya. Akaajiriwa, na tangu siku ile hakuwa tena mtu wa kukaa ngomeni.

Msafara uliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, ukafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Tarehe 13 Februari 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika, na kesho yake wakaingia Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa hawezi kutembea vizuri, na Speke macho yalimwuma hata hakuona sawasawa. Hapo ndipo msomaji anapoweza kufahamu mtu kama Bombay alikuwa na kazi gani.

Kazi yenyewe, ndugu zangu, haikuwa ya kusimama juu ya kilima na kutazama mbali. Alfajiri ni kuwaamsha wapagazi, kuhesabu mizigo na kuamua ugomvi wa nani kachukua mzigo mwepesi. Mchana ni kutafuta maji na kuwatazama walio wagonjwa. Jioni ni kununua chakula kwa nguo na shanga, na shanga hazikuwa sawa kila mahali: rangi ipendwayo katika nchi hii hukataliwa katika nchi ya pili, na asiyejua hayo hulala na njaa hali mizigo imejaa mali. Kisha kuna hongo ya kila mtawala, ambayo huweza kujadiliwa siku tatu au nne. Na juu ya yote kuna ukalimani. Speke husema Kihindustani, Bombay hugeuza kwa Kiswahili, na mtu mwingine hugeuza kwa lugha ya wenyeji. Jibu hurudi kwa njia ile ile.

Katika ziwa letu ukalimani huo ulikuwa na jambo kubwa ndani yake. Wazungu wale walitafuta asili ya mto Nili. Walisikia kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa, Rusizi. Kama Rusizi unatoka ziwani, huenda ukawa ndio Nili. Kama unaingia ziwani, basi Tanganyika si asili ya Nili. Swali zima lilikuwa katika neno moja, kutoka au kuingia. Mwezi wa Machi 1858 Speke alivuka ziwa pamoja na Bombay kwenda Kasenge, kutafuta jahazi kwa Mwarabu mmoja, Hamed bin Sulayyim. Jahazi hakulipata, tena njiani mdudu aliingia sikioni mwake akamtesa sana. Lakini alirudi na furaha, akisema Hamed amemhakikishia kwamba mto unatoka ziwani.

Mwezi wa Aprili wakaondoka Ujiji kwa mitumbwi miwili, mkubwa wenye urefu wa futi 60 hivi, wakafuata pwani ya mashariki kwenda kaskazini. Yaani walipita katika maji haya haya tunayovulia sisi. Wakatua Wafanya, bandari ya Warundi, ndipo wakavuka kwenda Ubwari na Uvira. Huko Uvira watoto wa mtawala wakawaeleza kwamba Rusizi unaingia ziwani. Naye Bombay akasema kuwa Speke ndiye hakufahamu. Maneno ya Hamed yalikuwa ya mto unaoingia, si unaotoka. Burton akavunjika moyo kabisa. Walakini Bombay na wenyeji walisema kweli, nasi watoto wa pwani hii twajua kila siku maji ya Rusizi yanakwenda wapi.

Waliporudi Kazeh, Burton akabaki kwa ugonjwa, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay. Tarehe 3 Agosti 1858 wakaliona ziwa kubwa la Nyanza, karibu na Mwanza. Speke akaliita Victoria, kwa jina la malkia wake.

Mwaka 1860 Speke akarudi pamoja na James Grant, akamtaka Bombay tena. Walipita Karagwe kwa Rumanika, wakakaa Buganda kwa Kabaka Mutesa, na mwezi wa Julai 1862 wakaufikia mto Nili. Speke, kwa furaha yake, akawaambia watu wake wanyoe nywele na kuoga katika mto huo mtakatifu. Bombay akamjibu kwamba wao, wakiwa Waislamu, hawayatazami mambo hayo kwa namna hiyo. Wao huridhika na mambo ya kawaida ya maisha. Mimi naona jibu hilo lina maana kubwa. Mmoja alikuwa amefika mwisho wa ndoto yake. Mwingine alikuwa kazini, na kesho palikuwa na mizigo ya kuhesabu.

Tarehe 28 mwezi ule ule wakafika mahali ambapo Nili hutoka katika ziwa. Kisha wakafuata njia ya kaskazini hata Gondokoro, mwezi wa Februari 1863, na mwisho Misri. Bombay na wenzake waaminifu wakapigwa picha mjini Cairo, wakarudishwa Unguja kwa meli. Chama cha Jiografia cha Uingereza kikampa Bombay nishani ya fedha.

Lakini tusifikiri kwamba yote yalikuwa nishani. Katika safari hiyo Speke alimpiga ngumi, naye Bombay akaondoka kwa hasira, kisha akarudi. Baadaye Stanley pia alimpiga. Mtu aliyekuwa mkubwa wa msafara, aliyeshika hesabu ya mali yote na kusema kwa niaba ya wote, alipigwa mbele ya watu aliowasimamia. Jambo hilo halisahauliki, na wanaosifu safari hizo lazima walitaje.

Mwaka 1871 ndipo Henry Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone. Alimwajiri Bombay kuwa kapteni wa askari kwa riale 80 kwa mwaka, nusu akilipwa mbele. Wakamkuta Livingstone Ujiji mwezi wa Novemba. Kisha wote wakapanda mtumbwi wakaja kaskazini, kando ya pwani yetu, ili kulimaliza swali la Rusizi kwa macho. Usiku mmoja njiani, katika kituo cha Mukungu, Bombay na Susi, mtumishi wa Livingstone, walikunywa pombe wakalewa, na wezi wakaingia mtumbwini. Wakaiba kamba ya kupimia kina, risasi, unga, hata sukari ya mzee Livingstone. Nasimulia haya kwa sababu Bombay hakuwa malaika, alikuwa mtu. Ama kina cha ziwa letu ni meta 1,470. Walifika mdomo wa Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba mto unaingia ziwani. Yale yaliyosemwa Uvira miaka 13 kabla yake yakathibitika.

Anayetoka Rumonge kwenda Bujumbura, akikaribia mjini, hulipita jiwe kubwa la Mugere, mahali walipolala wasafiri hao. Limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Jina la Bombay halimo.

Safari yake ya mwisho iliyo kubwa ilikuwa pamoja na Verney Cameron, mwaka 1873. Wakiwa Unyanyembe walipata habari ya kifo cha Livingstone, na mwili wake ukaletwa na watu wake, akina Chuma na Susi. Wenzake wa Cameron wengine walikufa, wengine wakarudi. Yeye na Bombay wakaendelea hata Ujiji, wakazunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mashua, na mwezi wa Mei 1874 wakauona mto Lukuga upande wa magharibi. Huo ndio mlango ambao maji ya Tanganyika hutokea. Basi Bombay alikuwapo kwenye mto uingiao na kwenye mto utokao. Toka hapo wakakata Kongo kwa miguu, na mwezi wa Novemba 1875 wakatokea bahari ya Atlantiki, katika nchi ya Angola. Wakati huo Bombay alikuwa na miaka 55 hivi. Akarudi Unguja kwa meli.

Mwaka 1876 Chama cha Jiografia kikampa malipo ya uzeeni mpaka mwisho wa maisha yake. Inakisiwa kwamba safari zake zilifika kilomita 9,600, nyingi kwa miguu. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1885. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamemaliza mkutano wao wa Berlin, na baada yake nchi alizozipita zikagawanywa kwa ramani ambazo miguu yake ilisaidia kuzichora. Hapana shaka yeye hakulitaka hilo. Yeye alifanya kazi aliyoajiriwa. Lakini historia haitenganishi mambo hayo, wala sisi tusiyatenganishe.

Tujifunze nini? Naona mambo mawili. La kwanza, apendaye kusafiri asitamani mwendo tu, atamani na kazi iliyo ndani yake. Dereva mzuri ni yule ajuaye injini na hesabu ya mzigo; nahodha mzuri ni yule ajuaye upepo na watu wake; na kila msafiri hufika mbali zaidi kwa lugha. Hapa kwetu kijana huweza kujua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kabla hajatoka kijijini. Bombay alizilipia lugha zake kwa utumwa. Sisi tumepewa bure.

La pili, msafiri hasafiri peke yake. Palipoandikwa majina mawili juu ya jiwe, walikuwapo wapiga makafi, wapishi, wapagazi na mkalimani. Mwanafunzi akisoma historia ya ziwa hili aulize na majina yao. Mtu aliyefahamu neno la mto siku ile, wakati mwenye kalamu hakulifahamu, anastahili kutajwa na wale wanaoishi kando ya maji hayo.