Angelo Mosso, munganga aliyepima uchovu

Wandugu, tukitoka shimoni mikono ndiyo iliyofanya kazi siku nzima, lakini kwenye ngazi ni magoti yanatetemeka. Mutu akiteleza, mukubwa wa kazi anasema ni uzembe. Leo tunawaletea maisha ya munganga mumoja aliyechunguza jambo hili zamani.

Angelo Mosso alizaliwa Turin, inchi ya Italia, mwaka 1846. Baba yake alikuwa fundi wa mbao, mama yake mushonaji. Feza hazikuwa nyingi, lakini alisoma mupaka akawa munganga, kisha mwalimu wa chuo kikubwa kule Turin.

Alipofika Sicilia aliona watoto wanatoka kwenye migodi ya kiberiti, wameinama chini ya mizigo ya mawe. Wengi walikua na mugongo uliopinda. Jambo hilo aliliandika katika kitabu chake juu ya uchovu, mwaka 1891.

Mosso alitengeneza mashini inayoitwa ergografu. Mukono unafungwa usisogee, kidole kimoja kinavuta uzito, kinaachia, kinavuta tena, na kalamu inaandika kila muvuto kwenye karatasi. Mistari inaanza mirefu, inapunguka, mupaka kidole kinakataa kabisa.

Halafu akaona ajabu. Watu waliotembea mwendo mrefu, hata vidole vyao vilikosa nguvu, na vidole havikutembea! Na mwenzake, munganga Maggiora, kisha kuuliza wanafunzi mitihani kwa masaa mengi, kidole chake kilichoka haraka, juu akili yake ilikuwa imechoka. Mosso alifikiri kwamba damu inabeba sumu ya uchovu toka kiungo kimoja kwenda kingine. Wataalamu wa leo wanaangalia zaidi ubongo na mishipa ya fahamu, na wanasema mara ingine kiungo kilichopumzika hakipunguki nguvu sana. Lakini njia ni yeye aliifungua: uchovu haukai mahali pamoja tu.

Kuna hesabu moja tunaomba kila mutu aishike. Kidole kikivuta mara 30 mupaka kuisha nguvu, kilihitaji masaa 2 ya kupumzika. Kikivuta mara 15 tu, nusu saa ilitosha. Kazi nusu, mapumziko robo. Maana yake, ile kazi ya mwisho, ya mutu aliyekwisha kuchoka, ndiyo inaharibu mwili zaidi.

Mosso aliingia baraza la senate la Italia mwaka 1904, akafa Turin mwaka 1910.

Basi, tukiketi na wakubwa kuzungumza juu ya masaa ya kazi, tusiombe mapumziko sawa zawadi. Tuyadai yawe katikati ya zamu, mbele ya mutu kuisha nguvu, si kisha. Na ndugu akiteleza kwenye ngazi saa ya kutoka, tuulize kwanza: alifanya masaa mangapi?