Michael Faraday, mtoto wa mfua chuma aliyeona dhahabu ikiwa nyekundu

Ukienda kupimwa malaria kwenye kituo cha afya, munganga anakutoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye TDR, kisha mnangojea mistari myekundu. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule ni dhahabu. Ndiyo, dhahabu, ila iko katika punje ndogo mno ambazo hata darubini ya kawaida haizioni. Mwanasayansi aliyeichunguza kwa makini dhahabu ya namna hiyo tangu zamani ni Mwingereza Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 9 mwaka wa 1791, pembeni ya London. Baba yake alikuwa mfua chuma mwenye afya dhaifu, na nyumbani hali ilikuwa ngumu. Masomo yake hayakupita kusoma, kuandika na kuhesabu. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa kujalidi vitabu. Vitabu vilivyoletwa hapo, alivisoma. Mwaka wa 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia mkubwa Humphry Davy kwenye Royal Institution. Kijana aliandika aliyoyasikia, akajalidi karatasi zake kwa mikono yake, akamtumia Davy. Mwaka uliofuata akapata kazi katika maabara yake.

Wengi wanamjua kwa ajili ya umeme. Mwaka wa 1831 alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme unazaliwa. Mashine za Inga na Ruzizi zinatumia kanuni hiyo mpaka leo.

Lakini tuseme juu ya kazi zake mbili ambazo hazitajwi sana. Mwaka wa 1823 alifunga gesi ndani ya mirija ya kioo, mkandamizo ukapanda mpaka gesi zikawa kimiminika: klorini kwanza, baadaye nyingine, kaboni dioksidi ikiwa kati yao. Mirija ilikuwa inapasuka, na siku moja vipande vya kioo vilimwingia machoni. Hakuacha.

Kazi ya pili aliitangaza mwaka wa 1857, akiwa na miaka 65, kumbukumbu yake ikiwa imeanza kumtoka. Alichukua chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa katika maji, akaitia fosforasi, na maji yakawa mekundu kama divai. Yalionekana safi kabisa, lakini alipopitisha mwali wa mwanga, njia yake ilionekana ndani ya chupa. Akaelewa kwamba humo mna punje za dhahabu halisi, na kwamba rangi inatokana na udogo wake. Chombo cha kuziona hakikuwako. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa London, na bado ni nyekundu.

Alikataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society. Alikufa tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka wa 1867.

Leo kazi zile mbili, zilizotengana kwa miaka 34, zimekutana. Watafiti wanaweka bamba la dhahabu ndani ya chombo kinene na kukijaza kaboni dioksidi. Ikipita nyuzi 31 na mkandamizo wa mara 73 hivi ya ule wa hewa yetu, haiwi tena gesi wala kimiminika. Kisha leza inapiga bamba kwa kufumba na kufumbua: dhahabu inakuwa mvuke, inapoa, inaganda kuwa punje. Kwa kubadilisha mkandamizo, wanajaribu kuongoza ukubwa wa punje hizo, na fosforasi haihitajiki tena.