Bwana Daubney, Tabibu wa Kondoo

Bwana Robert Daubney, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa tabibu wa wanyama katika maabara ya Kabete, karibu na Nairobi. Mwaka 1930, katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, wana-kondoo wachanga walikufa kwa wingi mno, na maini yao yalionekana yameharibika. Daubney na wenzake wakapasua mizoga na kuichunguza damu. Homa ikawashika wao wenyewe, na wachungaji pia. Hapo ikadhihiri kuwa maradhi yale humpata na mwanadamu, kwa damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Wachinjaji wetu wa Gisenyi, ambao mikono yao hulowa damu kila Idi, walizingatie jambo hili.

Alishuku mbu, na dhana yake ilikuwa sahihi. Kondoo walipohamishiwa nyanda za juu, vifo vikakoma. Mwaka 1931 wakayaandika maradhi hayo, yakaitwa Homa ya Bonde la Ufa.

Daubney alifariki mwaka 1977. Mwaka 2000 homa hiyo ilivuka bahari ikafika Saudia na Yemen. Mwaka 2022 iliua ng'ombe hapa Rwanda.