Mwenyeheri Fra Angelico: Mchoraji Aliyepamba Vyumba vya Ndugu Zake



Ndugu msomaji, ikitajwa sanaa ya Ulaya ya mwisho wa Zama za Kati, wengi wetu hufikiria makanisa makubwa, dhahabu na fahari ya matajiri. Hayo yote yalikuwapo. Lakini mwenyeheri tunayemkumbuka kila tarehe 18 Februari anatuachia swali zito zaidi: picha takatifu ni pambo la ukuta, au ni njia ya kusali?

Alizaliwa yapata mwaka 1395 karibu na Vicchio, kaskazini mwa mji wa Firenze nchini Italia, akaitwa Guido di Pietro. Kufikia mwaka 1417 alikuwa tayari mchoraji, akiwa bado mlei. Katika Firenze ya siku zile, mchoraji hodari aliweza kujitafutia jina na mali. Yeye, miaka michache baadaye, aliingia Shirika la Wadominiko katika konventi ya Fiesole, kwenye kilima kilicho juu ya mji, akaitwa Fra Giovanni, yaani Ndugu Yohane. Jina la Angelico, maana yake wa kimalaika, alipewa na watu baada ya kufa.

Nadhiri hazikumnyang'anya brashi. Mwaka 1433 chama cha wafanyabiashara wa kitani cha Firenze kilimwagiza picha kubwa ya Bikira Maria na Mtoto Yesu. Mkataba ulidai dhahabu na rangi ya buluu zilizo bora kabisa. Malipo yalikuwa florini 190 za dhahabu, au pungufu ya hapo kadiri dhamiri yake itakavyoona. Wafanyabiashara waliozoea kuhesabu kila sarafu waliiacha bei mikononi mwa dhamiri ya mtawa!

Mwaka 1436 Wadominiko wa Fiesole walipewa konventi ya San Marco mjini Firenze. Cosimo de' Medici, tajiri mwenye benki, aligharimia ukarabati wake. Humo Fra Angelico na wasaidizi wake walichora freska katika vyumba zaidi ya 40 vya watawa. Freska huchorwa juu ya plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi. Plasta inapokauka, rangi huwa sehemu ya ukuta wenyewe. Kwa hiyo mchoraji hupaka plasta ya kumtosha siku moja tu, na hana nafasi ya kusitasita.

Tazama tofauti. Picha ya wafanyabiashara inang'aa kwa dhahabu. Vyumbani mwa watawa mna ukuta mweupe, rangi tulivu na watu wachache. Malaika Gabrieli anampasha Maria habari katika chumba kitupu, kama kile alichoishi mtawa mwenyewe. Katika vyumba vya wanovisi, Mtakatifu Dominiko yuko chini ya Msalaba, akiwaonyesha vijana namna ya kusali. Juu ya ngazi ipo picha nyingine ya Kupashwa Habari, yenye maandishi yanayomkumbusha kila apitaye asiache kusali Salamu Maria. Picha hizo hazikuchorwa ili zisifiwe na wageni. Zilichorwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyepiga magoti peke yake.

Baadaye aliitwa Roma, na katika kikanisa cha Papa Nikolasi V huko Vatikani alichora maisha ya mashemasi Stefano na Laurenti. Mwaka 1450 alirudi Fiesole kuwa mkuu wa konventi. Alifariki Roma mwaka 1455, akazikwa katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1982, na mwaka 1984 akamfanya msimamizi wa wasanii.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kuwagawia wengine tuliyoyatafakari ni bora kuliko kutafakari tu. Fra Angelico aligawa kwa rangi. Wengine wetu tutagawa kwa mahubiri, kwa katekesi, kwa wimbo, au kwa meza iliyochongwa vizuri. Asiyetafakari atagawa nini? Leo picha takatifu zimejaa katika kalenda na simu zetu. Tuchague moja, tuitazame kwa utulivu, kisha tusali.

Mwenyeheri Yohane wa Fiesole, utuombee.