Sergei Korolev: fundi wa kuezeka paa aliyepita gerezani, kisha akatuma mtu angani

Tarehe 16 mwezi wa kwanza mwaka wa 1966, wasomaji wa gazeti la Pravda, mjini Moscow, walikuta picha ya mzee ambaye wengi wao hawakuwahi kusikia jina lake. Sergei Korolev alikuwa amefariki siku mbili mbele ya hapo, akiwa na umri wa miaka 59. Ndipo raia wa Umoja wa Kisovieti walipojua nani aliyeongoza kazi ya kutengeneza roketi iliyompeleka Yuri Gagarin angani. Hadi siku ile alitajwa tu kwa cheo, Mbunifu Mkuu, bila jina.

Korolev alizaliwa mwaka wa 1907 huko Zhytomyr, Ukraine. Wazazi wake waliachana angali mtoto, akalelewa na babu na bibi yake. Huko Odessa alisoma shule ya ufundi wa ujenzi, akatoka akijua useremala na kuezeka paa za vigae. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Akiwa na miaka 17 tu alikuwa amekwisha kuchora ndege isiyo na injini. Aliingia chuo cha ufundi cha Kiev, halafu Moscow, ambako alifanya kazi katika kiwanda cha ndege huku akiendelea na masomo. Kazi yake ya mwisho wa masomo, mwaka wa 1929, ilisimamiwa na Andrei Tupolev, bingwa wa kuunda ndege nchini humo. Kufahamiana huko kulikuja kumwokoa.

Mwaka wa 1931 yeye na wenzake wachache, akiwemo Friedrich Tsander, walianza kuunda roketi ndani ya chumba cha chini ya nyumba moja ya Moscow. Pesa zilikuwa kidogo sana. Tarehe 17 mwezi wa nane mwaka wa 1933 roketi yao ya kwanza ilipanda kama mita 400, ikaruka sekunde 18. Si kitu kikubwa ukiangalia leo, lakini ilipanda.

Halafu yakaja mateso. Tarehe 27 mwezi wa sita mwaka wa 1938, wakati wa utawala wa Stalin, polisi ya siri ilimkamata. Alishtakiwa kwamba anaharibu kazi ya serikali makusudi. Alipigwa mpaka akatia sahihi, akahukumiwa miaka 10. Walimpeleka Kolyma, mashariki ya mbali kabisa, kuchimba dhahabu katika baridi kali. Njaa na ugonjwa vilimng'oa meno mengi, na kidogo afie huko.

Mwaka wa 1940 alihamishiwa Moscow, katika gereza la namna yake, ambamo wahandisi waliofungwa walichora ndege za jeshi. Aliyeongoza ofisi hiyo alikuwa Tupolev, naye pia mfungwa. Serikali ilikuwa imemwomba aandike majina ya wataalamu anaowahitaji, naye akamkumbuka mwanafunzi wake wa zamani. Wengi waliobaki Kolyma hawakuwa na mwalimu wa kuwakumbuka.

Aliachiliwa mwaka wa 1944. Mwaka uliofuata alitumwa Ujerumani kuchunguza roketi ya V-2, na mwaka wa 1946 akapewa kuongoza kazi ya makombora ya masafa marefu. Hapo ndipo kipaji chake kikubwa kilionekana, nacho hakikuwa cha hesabu peke yake. Injini alizitengeneza Valentin Glushko, vyombo vya kuongoza Nikolai Pilyugin, uwanja wa kurushia Vladimir Barmin. Kila mmoja alikuwa na kiburi chake na ofisi yake. Korolev aliwakalisha meza moja, akagombana nao, akawasikilisha.

Roketi yao, R-7, haikungoja injini moja kubwa mno. Walifunga mwili mmoja katikati na mingine minne ubavuni, yote ikiwashwa pamoja ardhini. Iliharibika mara kadhaa kabla ya kufaulu tarehe 21 mwezi wa nane mwaka wa 1957. Satelaiti kubwa iliyopangwa ilichelewa, basi Korolev akashauri watume kitu chepesi kwanza: mpira wa alumini wa kilo 83,6 wenye redio. Huo ndio Sputnik, uliorushwa tarehe 4 mwezi wa kumi. Gagarin alifuata tarehe 12 mwezi wa ine mwaka wa 1961, na Valentina Tereshkova mwaka wa 1963.

Dunia ilishangilia, yeye akabaki amefichwa. Makala zake katika Pravda zilitoka kwa jina la bandia.

Alifia mezani, akipasuliwa tumbo na waziri wa afya mwenyewe. Roketi N1 aliyoiacha, ya kwenda mwezini, ilijaribiwa mara ine kati ya 1969 na 1972, na mara zote ikaharibika. Lakini roketi za Soyuz bado zina umbo la ile R-7 yake. Mitungi minne ya ubavuni inapojiachia juu angani, moshi wake huchora msalaba, na Warusi wanauita msalaba wa Korolev.