Fourier: Mtoto wa fundi wa nguo anayebana video zako

Ukibonyeza kurenda halafu feni ya laptopu ianze kunguruma kama matatu inayopanda mlima, jua kuna Mfaransa aliyefariki 1830 ambaye hesabu zake ndizo zinapikwa humo ndani. Anaitwa Joseph Fourier. Kama umewahi kufungiwa mlango, huyu ni msee wako.

Alizaliwa Auxerre mwaka wa 1768, baba yake akiwa fundi wa kushona nguo. Kabla agonge miaka 11 alikuwa yatima. Akaingia shule ya kijeshi iliyoendeshwa na watawa, na huko hesabu zikamteka. Alitaka kuwa afisa wa mizinga, akakataliwa kwa sababu hakutoka ukoo mkubwa. Unaijua hiyo ya kuulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Mapinduzi yalipokuja, alijitosa kwa siasa na 1794 akatupwa jela, wakati ambapo watu walikuwa wanakatwa vichwa. Robespierre akaanguka, Fourier akaponea. Mwaka wa 1798 alienda Misri na Napoleon, na aliporudi akapewa kusimamia mkoa mzima, ofisi ikiwa Grenoble.

Katikati ya barabara na vinamasi vya mkoa, alikuwa anachunguza jinsi joto linavyosafiri. Mwaka wa 1807 alipeleka kazi yake Paris. Alidai kwamba umbo lolote, hata likiwa na kona kali, linaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini. Lagrange, gwiji wa hesabu enzi hizo, akakataa katakata. Fourier akairudisha 1811, akashinda tuzo, lakini bado waamuzi wakalalamika kuwa uthibitisho umelegea. Kitabu chake kilitoka 1822. Hesabu mwenyewe: miaka 15.

Sasa hiyo inakuhusu vipi? Mwaka wa 1974, Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, na wenzake wawili walichapisha hesabu iliyozaliwa na wazo hilo la mawimbi. Video ya H.264 hukatwa vipande vidogo vya mraba. Kompyuta hutafuta kipande kinachofanana kwa picha zingine, halafu ile tofauti inayobaki inageuzwa kuwa mawimbi. Mawimbi madogo ambayo jicho halitayakosa yanapunguzwa au kutupwa. Ndio maana faili inakonda.

Kinachokula muda sana ni kule kutafuta. Kwa hivyo ukitaka kuharakisha, anzia hapo. Kwenye programu kama HandBrake, sukuma mpangilio upande wa haraka: kompyuta itatafuta kidogo, ila faili itanenepa ukitaka ubora ule ule. Kama mashine yako ina Quick Sync ya Intel au NVENC ya Nvidia, iwashe, maana hizo ni sehemu za chipu zilizotengenezewa kazi hii tu. Kasi inapanda sana, na hapo pia faili huwa kubwa kidogo. Na kama watu watatazamia kwa simu, toa 1080p badala ya 4K: pikseli zinabaki robo.

La mwisho lingemfurahisha Fourier mwenyewe. Prosesa ikipata moto sana hujipunguzia kasi ili isiungue. Usirendie kitandani juu ya blanketi; weka laptopu mezani, iache ipumue, chomeka stima. Sheria ya jinsi joto linavyopita kwenye chuma hadi litoke nje inaitwa sheria ya Fourier mpaka leo. Ajabu ni kwamba yeye baada ya Misri alichukia baridi, akawa anajifunika manguo mazito ndani ya chumba chenye joto kali. Laptopu yako haiwezi hayo maisha.

Alifariki Paris Mei 16, 1830, na jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel. Wale waliosema uthibitisho umelegea hawakukosea kabisa. Wanahesabu waliomfuata walihitaji miaka mingi kukaza nati. Lakini wazo lilikuwa lake, na hakulifuta kwa sababu wakubwa walinuna. Kwa hivyo ile kazi yako iliyorudishwa, usiitupe. Irekebishe, uitume tena.