Habari za Bibi Harriet Powers, Aliyeshona Maandiko kwa Vipande vya Nguo

Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya mama mmoja Mkristo, ambaye hakupanda mimbari wala hakutunga kitabu, lakini mafundisho yake yangali yatazamwa na watu hata leo. Jina lake ni Harriet Powers.

Alizaliwa utumwani tarehe 29 Oktoba 1837, karibu na mji wa Athens katika jimbo la Georgia, Marekani. Mwaka 1855 akaolewa na Armstead Powers, akazaa watoto wengi, na wengi wao wakamtangulia kufa. Mwaka 1865 watumwa wa nchi ile wakapata uhuru; naye na mumewe wakashika kilimo, hata wakapata shamba dogo lao wenyewe.

Watu wa huko wakati wa baridi hujifunika mfarishi, yaani nguo mbili zilizotiwa pamba katikati na kushonwa pamoja. Bibi Powers alikusudia kufanya mfarishi wa namna yake. Kwanza alichagua habari atakazozionyesha, akaugawanya uso wa nguo sehemu 11. Kisha akakata vipande vya nguo kwa mfano wa watu, wanyama na nyota, akaviweka mahali pake, akavishona juu ya nguo, vingine kwa mkono, vingine kwa cherehani. Humo wamo Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, Yakobo na ndoto yake, Bwana Yesu akibatizwa na akisulubiwa, na Yuda pamoja na vile vipande 30 vya fedha. Wataalamu wameona kwamba kazi hiyo yafanana na nguo za picha zilizoshonwa Dahomey, Afrika ya Magharibi.

Mwaka 1886 mfarishi ule ukaonyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu wa uchoraji, Jennie Smith, akataka kuununua. Mwenyewe akakataa bei yo yote. Baada ya miaka minne hivi shida ikaingia nyumbani. Bibi Powers akaja mjini kwa gari la ng'ombe, mfarishi magotini, umefungwa katika mfuko safi wa unga na gunia juu yake. Akataka dola 10. Mnunuzi alikuwa na dola 5 tu. Akatoka kushauriana na mumewe, kisha akarudi akakubali kwa uchungu.

Lakini hakuondoka kwanza. Alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, moja moja, naye akayaandika maelezo yale. Baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake, kama mama amwendeaye binti aliyeolewa mbali. Nguo aliiuza, neno alilitoa bure.

Halafu alishona mfarishi mwingine wenye picha 15. Humo alitia Ayubu na Yona, tena nyota zilizoanguka mwaka 1833, habari aliyoipokea kwa wazee, maana yeye alikuwa hajazaliwa. Akafa tarehe 1 Januari 1910, mwaka ule ule wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba. Mfarishi wa kwanza umewekwa katika makumbusho ya taifa huko Washington, na wa pili Boston.

Basi sisi wa Karagwe na Kyerwa tujifunze nini? Mama zetu wajua kusuka na kushona, na masanduku yetu hayakosi mabaki ya nguo. Mwalimu wa katekisimu asiye na picha za kufundishia aweza kuyatumia. Lakini asisahau kuyaeleza. Kama maelezo ya Bibi Powers yasingaliandikwa, leo watu wangaliziona nyota saba tu, wasijue kwamba aliye katikati yake ni Shetani. Mkono ulishona, na kinywa kikafundisha; hivyo kazi ikatimia.